Nyumba ya Pembeni Kule Kedowa

Neno lenyewe lililetwa na muuza samaki. Wilkista alikuwa mama wa upande wa ziwa, mnene, mcheshi, aliyezoea kushuka kwenye garimoshi na kapu lake la samaki wa kukaushwa, kisha anazunguka laini zetu, zile safu za nyumba za wafanyakazi katika mashamba ya majani chai, akituuzia. Siku hiyo alikaa kizingitini kwangu, akaomba maji, akaniuliza habari za wifi yangu Marcella. Nikamwambia yuko Kedowa na Ojwang, wamejenga ukingoni mwa msitu na wanaendelea vizuri. Wilkista akayanywa maji yote kwanza. Halafu akasema amepita pale na samaki wake, ameliona boma, na kwamba Ojwang ni mtu mwenye adabu sana.

"Amemwachia mwenyewe nafasi yake," akasema.

Nikamuuliza mwenyewe nani. Akanitazama kama mtu aliyemwaga chumvi ya wenyewe, akajitwika kapu, akasema yeye ni wa samaki tu, maboma ya watu hayamhusu.

Neno hilo lilikataa kutoka kichwani. Nilipika nalo, nikafua nalo, nikamwogesha mtoto nalo mpaka akalia kwa sababu nilikuwa nimesahau maji yanapoa. Mume wangu Nyamweya, ndugu yake Marcella, aliporudi kutoka kiwandani na harufu ya majani makavu kwenye nguo, nilitaka kumwambia nikanyamaza. Yeye alikuwa na maneno yake tayari juu ya Ojwang, na mimi sikutaka kumpelekea kuni.

Nawaandikieni haya, binti zangu, kwa sababu nasikia kuna mmoja wenu ambaye siku hizi kila akikaa anataja shamba la mbali, na kijana mwenye kujitegemea, na maisha ya wawili tu. Sikatai kwamba ni matamu. Niliyaona kwa macho yangu.

Wakati ule chai ya Kericho ilikuwa bado changa. Miti mingine ilikuwa haijafika kiunoni, na ukisimama mlangoni asubuhi uliona ukungu umelala juu ya mistari kama blanketi juu ya watoto wengi. Marcella alikuja kutoka Kisii kukaa nasi nilipojifungua, anisaidie mtoto. Alikuwa na shingo ndefu na kicheko kilichoanza machoni kabla ya mdomo. Ojwang alikuwa seremala kiwandani, akigonga masanduku ya majani. Jioni moja alileta vipande vya mbao, akasema ni vya kuwashia moto. Kesho yake akaleta vingine. Kuni tulikuwa nazo tele, lakini Marcella alizipokea kila jioni kwa mikono miwili, na yeye Ojwang alisimama pale akiangalia chini, halafu akiangalia juu, halafu chini tena, mpaka mimi ninachochea sufuria naona haya kwa niaba yao.

Nilimtania wifi yangu kwamba mtu huyo ameng'olewa meno ya chini kama watu wa kwao wote, atambusu na nini. Akajibu, "Wifi, hiyo ni nafasi ya kupitishia maneno mazuri. Wengine wana meno yote na hawana neno."

Nyamweya alikataa tangu mwanzo. Alisema mila za watu wa ziwa na zetu hazifanani, vijana wao hawapiti jandoni kama wetu, na watoto watakuwa wa upande gani. Alisema pia kwamba hamjui baba wa mtu huyo wala mlango wa nyumba ya mama yake. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kweli, lakini alilichanganya na mengine mengi, likapotea humo.

Ojwang alikuwa na jambo moja lililomsumbua kuliko mapenzi. Alipokuwa mdogo aliona njaa. Mama yake alikuwa anachemsha mawe ili watoto wasikie chungu kinatokota na walale. Halafu nzige walipokuja, miaka ile ambayo anga yote iligeuka kahawia, aliona watu wazima wamepanga mstari kungojea posho ya shamba, na nyapara akichelewa wanaume wanaangalia barabara kama ng'ombe wanaotazama zizi. Akaapa hatakula tena chakula kinachofunguliwa na ufunguo wa mtu mwingine. Alimweleza Marcella habari hizo huku anachonga kijiko, polepole, na Marcella akamsikiliza mpaka ugali wetu ukaungua.

Basi akaacha useremala. Mzungu mmoja wa mahindi, huko juu ya Kedowa, alimpa kibali cha kulima kipande pembeni mwa shamba lake mradi amtengenezee mageti na mikokoteni. Akabeba mabanzi ya mwerezi kutoka kiwanda cha mbao, yale makapi ya mgongo wa mti, akajenga nyumba ya chumba na jiko, paa la nyasi. Watu wa kwao walimcheka kwa sababu alizungusha ua pande zote, akaweka lango, kama vile ni boma la baba yake. Wenzake waliokaa kwa wazungu walijenga kibanda tu, mahali pa kulaza mgongo. Yeye alisema mahali anapolala na mwanamke wake ni boma.

Na Marcella akamfuata. Aliondoka Jumapili moja baada ya misa, sanduku kichwani. Nyamweya alifoka wiki nzima, akapeleka neno Kisii, mwishowe Ojwang akaja mwenyewe, akakaa mbele yetu na kofia mapajani, akaahidi kwamba akishavuna wimbi, yaani ulezi, ng'ombe wa mahari watakwenda kwa wazee. Nyamweya akakubali kwa nusu ya mdomo. Alipokuja Wilkista kwangu na samaki wake, wimbi lilikuwa limekwisha kuvunwa. Ng'ombe walikuwa wanaondoka wiki inayofuata. Na ninyi mnajua kwetu: ng'ombe wakishaingia kwa baba yako, hiyo safari si ya kurudi. Kama kulikuwa na mwenyewe wa nafasi, ilikuwa lazima ajulikane sasa.

Nikamwambia Nyamweya nakwenda kumwona wifi nimpelekee chumvi. Nikambeba mtoto mgongoni, nikaomba lori linalopeleka masanduku stesheni, nikapanda kilima kwa miguu.

Nisisikie mtu akisema leo kwamba nilikwenda kuharibu. Nilipoliona boma lile, moyo wangu ulitaka kulala pale pale. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa taratibu. Nyuma kulikuwa na mianzi na sauti ya kijito. Marcella alinikimbilia akiwa na unga wa wimbi mpaka kwenye nyusi, akanipokonya mtoto, akaanza kunionyesha mambo yake kama malkia.

Juu ya meko walikuwa wametundika mbegu, mahindi na kunde, ndani ya moshi, ili wadudu wa bungua wasisogee. Maboga yalikuwa yamekatwa pete pete, yamekaushwa, yametungwa kwenye kamba. Kulikuwa na mtungi wa asali kutoka mizinga ya magogo aliyoitundika Ojwang msituni, na samli kwenye kibuyu, na nyama ya swala iliyokauka kama ngozi ya kiatu. Mama mmoja wa Kipsigis, jirani wa ng'ambo ya bonde, alimfundisha kusugua kibuyu kwa mkaa wa mti wao na kuweka maziwa humo yakae wiki baada ya wiki. Nje kulikuwa na ghala mbili za wimbi. Marcella alisema wimbi lile linaweza kukaa mpaka mtoto wangu aoe, na halitaoza.

"Mvua isiponyesha, sisi tuko," akasema. "Nzige wakija, sisi tuko. Hata kampuni ikifungwa, wifi, nyinyi mtakuja kula hapa."

Nilikula pale. Ugali wa wimbi, mboga chungu zilizolainishwa kwa maziwa. Ojwang alikuwa ametoka msituni na mzigo wa mianzi, akaninawisha mikono mwenyewe, akaniita shemeji, akauliza habari za Nyamweya na mafua yake. Wakati wa kula hakumtazama Marcella, lakini kila kitu alichohitaji Marcella kilikuwa kimekwisha kusogezwa karibu naye: chumvi, kata ya maji, kigoda. Mimi nimeolewa miaka mingi. Najua jambo hilo haliigizwi.

Baada ya chakula tukatoka kuziba ghala ya pili. Ghala ikishajaa hufunikwa na kusiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kila ufa, ili hata hewa isiingie. Marcella akawa upande mmoja, Ojwang upande wa pili, mimi nimekaa kwenye gogo namnyonyesha mtoto. Na hapo ndipo nilipoliona lile boma sawasawa kwa mara ya kwanza.

Lango lilikuwa linatazama magharibi. Ukiingia, mbele yako hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nyasi tu, mahali pazuri kuliko pote, pamesawazishwa, pamefyekwa, pana jua. Nyumba ya Marcella ilikuwa kando, mkono wa kulia, imesukumwa karibu na ua kama mtu aliyeambiwa asogee.

Nikauliza kwa nini hapo katikati hawajapanda kitu. Marcella akacheka. Alisema yeye mwenyewe ameshangaa. Alitaka kupanda maboga, Ojwang akasema ardhi ile ipumzike. Akamfunga ndama pale, Ojwang akaja akamhamisha bila neno. "Nadhani ni kaburi lake anajiwekea," akasema, na kumrushia tope la kinyesi begani.

Ojwang hakucheka. Alijipangusa bega, akaendelea kusiriba mahali ambapo palikuwa pamekwisha kusiribwa.

Basi nikasema. Nilikuwa nimelibeba neno hilo kutoka Kericho na halikuwa langu.

"Shemeji, Wilkista wa samaki anasema umemwachia mwenyewe nafasi yake. Mwenyewe huyo ni nani?"

Mikono yake ikasimama. Jirani wa ng'ambo alikuwa anaita ng'ombe zake, na alisikika akimwita kila mmoja kwa jina. Ojwang akakitazama kile kiraka cha nyasi, kisha akamtazama Marcella, si mimi.

"Anaitwa Adoyo," akasema.

Alieleza polepole, kwa ile sauti yake ya kuchonga kijiko. Kwao nyumba ya mke wa kwanza husimama mbele ya lango, katikati, na hakuna mwingine anayeweza kuwekwa pale. Wa pili hujengewa kando. Mtu wa kwao akisimama langoni hahitaji kuambiwa, ameona. Adoyo alichaguliwa na wazazi kabla yeye hajaja kwenye majani. Alikataa kupanda huku kwenye baridi. Yuko ziwani na mama yake Ojwang, analima, anamtunza huyo mama mzee. Hawajapata mtoto. Yeye hajamfukuza, wala Adoyo hajamkosea kwa lolote. Angewezaje kujenga boma, hata kwenye ardhi ya mtu, na kumweka mwingine mahali pa Adoyo? Huo ungekuwa uongo, na mtu asiyeheshimu hilo hana boma, ana kibanda.

Marcella alimsikiliza kama alivyomsikiliza siku ile ya habari za njaa, kichwa upande mmoja. Kinyesi kilikuwa kinakauka vidoleni mwake.

"Umeiambia ardhi," akasema. "Wapita njia wa kwenu umewaambia. Mpaka muuza samaki amejua. Mimi ninayelala ndani ya hiyo nyumba ndimi nisiyejua."

"Niliogopa hutakuja."

"Basi jibu langu ulilijua. Ukaliweka ghalani."

Ojwang akasogea karibu naye. Alisema maneno ambayo mwanamke yeyote angependa kuambiwa, na nadhani aliyasema kwa kweli. Alisema moyoni katikati ni yeye. Alisema akitaka ataing'oa nyumba hiyo kesho, banzi kwa banzi, aijenge pale kwenye nyasi, na watu wa kwao waseme watakavyo.

Nilijua Marcella anataka. Nilimwona akilitazama lile jua la katikati, akiijenga nyumba pale kwa macho, mlango wake ukitazama lango. Mimi mwenyewe, nikiwa na titi langu kinywani mwa mtoto, nilikuwa namwombea aseme ndiyo. Nisiwadanganye.

"Na siku Adoyo akija," akauliza, "akisimama langoni, atasoma nini?"

Ojwang akaangalia chini.

"Atasoma kwamba amekufa. Wewe hutaki kufanya hivyo, Ojwang. Ungetaka ungefanya tangu mwanzo. Na mimi nisingekupenda."

Kisha akarudi kwenye ghala, akamalizia upande wake. Alisiriba kila ufa, akapiga mviringo wote kwa kiganja, maana alisema wimbi halina kosa. Akanawa kijitoni. Akaingia ndani, akatoka na sanduku lake, jepesi. Ojwang alimtangulia langoni na mfuko wa nafaka na mtungi wa asali, anipe mimi kama yeye hataki. Nilivipokea? Sikuvipokea. Nilikuwa na njaa ya asali miezi yote ile ya kunyonyesha, lakini mkono haukunyooka.

Langoni wakasimama wawili hao. Nikageuka kumweka mtoto vizuri mgongoni ili nisione, lakini niliona. Ojwang aligusa unga uliokuwa bado kwenye nyusi za Marcella, akaupangusa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi la mbao kwenye kitu alichokimaliza. Marcella akamwacha apanguse.

Tulishuka kilima. Tulilala stesheni kwa mama mmoja wa kwetu, asubuhi tukapata lori. Nyamweya alipotuona akafungua kinywa aseme kwamba alisema. Nikamtazama. Akakifunga, akaenda kuleta maji.

Marcella aliolewa Kisii baadaye na mtu mwema, Arasa, mwenye kelele nyingi na meno yote, wakazaa. Alicheka tena, na kicheko kilianzia machoni. Lakini kila akinitembelea, tukikoka moto kwa vipande vya mwerezi, ile harufu ikianza kupanda, alikuwa ananyamaza katikati ya sentensi. Sikumuuliza. Nilikuwa naongeza kuni tu.

Adoyo hakupanda kamwe Kedowa. Wilkista aliniambia kwamba kiraka kile kilibaki nyasi, kikifyekwa kila mwezi, na Ojwang alikuwa anaishi kando pale peke yake na chakula cha misimu miwili. Hakupanga tena mstari wa posho, alipata alichokitaka. Akipita mtu wa kuuza kitu alimwita ndani ale, akamkalisha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa sikilizeni. Sikusoma sana, kwa hiyo nayaandika wazi, moja moja.

Usihamie kwa mtu kabla mtu wa kwenu hajamwona mama yake na kukaa jikoni kwake.

Usikubali kuishi mahali ambapo jirani wa karibu ni ng'ambo ya bonde. Ghala ikijaa ni vizuri. Ghala haina mdomo wa kukwambia jambo.

Usiolewe katika mila usiyoijua bila kutafuta mwanamke wa mila hiyo, mzee, umpe chai na sukari, akueleze: nyumba inakaa wapi, nani anapita mlango upi, kitanda kinatandikwaje.

Usimwamini mwanaume kwa sababu ni mpole. Ojwang alikuwa mpole.

Usimwamini baba au kaka anayekataa kwa kelele, lakini usimpuuze pia. Chambua maneno yake kama unavyochambua kunde.

Usiulize, "Unanipenda?" Atasema ndiyo, na itakuwa kweli, na haitakusaidia. Uliza, "Nani mwingine?"

Usinyamaze ukiona kitu kidogo kisichoeleweka, kama ndama anayehamishwa bila neno.

Usiondoke na hasira. Maliza kazi uliyoishika, nawa, ndipo uende.

Na ukishaondoka, kama umesahau kitu, usirudi kukichukua wewe mwenyewe. Tuma mtu.